Je, Huruma Huhalalisha Uongo?



Leo nataka tuzungumze mas'ala yaliyonijia kwa mlango nisioutazamia, nao ni mlango wa mchezo. Usinicheke. Tabia ya mtu huonekana sana anapocheza, kwa kuwa hapo hajilindi.

Mjukuu wangu mmoja, asomaye Uingereza, alikuja likizo akaleta mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji hujitungia mtu wake, akamwandika katika karatasi: nguvu zake, wepesi wake, akili zake na mengineyo. Mmoja wao huwa mwongozi. Yeye ndiye asimuliaye, yeye ndiye asemaye kwa ulimi wa maadui na wapita njia, na yeye ndiye hakimu. Mchezaji husema atakalo kufanya. Na likiwa ni jambo la shaka hutupwa dadu, aghalabu ile ya nyuso 20, ikajulikana kama limefaulu.

Usiku huo aliwakusanya binamu zake wanne ukumbini, wala hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuucheza. Niliporudi kutoka sala ya Isha nikauliza kama pana fedha iliyowekwa. Wakaniambia hapana. Nikakaa kando na tasbihi yangu nikisikiliza.

Mdogo wao, binti wa miaka 12, alikuwa nahodha wa jahazi. Akaingia pangoni peke yake, walinzi wakamrukia. Mwongozi akatupa dadu nyuma ya jalada alilolisimamisha mezani, akatazama, akasema: "Mbili. Amekukosa." Mtoto akashangilia. Lakini kaka yake, aliyekaa pembeni, alikuwa ameiona dadu. Ilikuwa 19, na pigo lile lilikuwa la kummaliza. Akacheka, akasema. Binti akanyamaza kidogo, kisha akamwambia mwongozi: "Kumbe si mimi niliyejiokoa. Ni wewe." Akaiweka karatasi yake, akaenda zake kulala.

Mjukuu wangu akanigeukia: "Babu, nimekosa nini? Nilimhurumia. Ni mara yake ya kwanza."

Basi hilo, msomaji, ndilo suala. Lakini kwanza tuondoe shaka mbili.

Huenda mtu akasema kuwa mchezo wote huo ni uongo, kwani mtoto yule hana jahazi wala si nahodha. Jawabu ni kuwa uongo ni kumfanya mwenzio aamini lisilo kweli, na pale kila aliyekuwapo alijua kuwa ni hadithi. Al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat zake juu ya mtu wa kubuni, na wanavyuoni wakazisoma karne nyingi. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kuwa Mtume (S.A.W.) alimwona Bibi Aisha na farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili za vitambaa, akamwuliza, naye akajibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka.

Ama dadu, wanavyuoni wengi, na ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, wameharimisha mchezo wa nardi, ambao mwendo wake ni wa dadu, hata pasipo kamari. Kwa hivyo nikawaambia dadu zirudi mkobani. Mchezo haufi kwa hilo. Mwaka 1991 ulitolewa huko huko Marekani mchezo wa namna hii, Amber, usiotumia dadu kabisa.

Sasa turudi kwenye huruma. Mjukuu wangu alinikumbusha kuwa ipo ruhusa ya kusema lisilo kweli ili kupatanisha waliogombana. Ni kweli, ipo. Walakini ruhusa ni ya dharura, na yeye hakuwa na dharura. Ni nani aliyewaweka walinzi pangoni? Ni yeye. Angeweza kuwafanya wamfunge nahodha badala ya kumwua. Angeweza kutangaza kabla ya kuanza kwamba usiku wa kwanza hafi mtu. Milango yote ya huruma ilikuwa wazi mbele yake, akaipita, na alipoikumbuka ulibaki mlango wa uongo peke yake.

Tena tazama alichomnyang'anya yule mtoto. Ikiwa 19 yaweza kugeuzwa 2, basi kila alilofanikiwa tangu mwanzo limeingia shaka. Hajui tena lipi ni lake na lipi ni sadaka.

Sisemi haya kwa kuwa mimi ni msafi. Miaka mingi nyuma nilikuwa na mwanafunzi chuoni, mzito wa kusoma. Baba yake alikwisha tayarisha karamu ya kuhitimu kwake. Nikamhurumia, nikayapita makosa yake, nikasema yuko tayari. Siku ya siku, mbele za watu, sheikh mgeni akamrudisha aya baada ya aya. Kijana alitoka ameinamisha kichwa, wala hakurudi tena chuoni kwangu. Nami niliita huruma, kumbe niliogopa tu kumwambia baba yake neno moja: "Bado."

Nikamwambia mjukuu wangu: Kwanza, usimsomee mgeni sheria saa nzima kama ulivyofanya. Sisi hatumwanzi mtoto kwa Suratul Baqara; twamwanza kwa alifu, kisha sura fupi. Pili, masharti yaseme mapema, na yasikiwe na wote. Tatu, muulize "Utafanya nini?" kisha ungoje, usimjibie. Nne, kosa lake liwe na gharama, lakini gharama aiwezayo.

Usiku wa pili alimwendea binti, akamtaka radhi bila ya kujitetea. Akatangaza mbele ya wote: hakuna dadu, leo hafi mtu, lakini mali yaweza kupotea. Nahodha akakamatwa tena, na tanga lake likachukuliwa. Alijaribu kumbembeleza mlinzi mara mbili akashindwa. Mara ya tatu akamgawia tende zake, akafunguliwa. Asubuhi nilimsikia jikoni akimsimulia mama yake, na lile tanga lililopotea alilitaja mara nyingi kuliko kufunguliwa kwake.

Msomaji, huenda usiucheze mchezo huu maisha yako. Lakini utaonja wali wa kwanza wa binti yako, utamsikiliza mwanafunzi wako, utamfundisha kazi kijana dukani. Ukijikuta wataka kuficha kosa lake, jiulize: namsitiri yeye, au najiepusha mimi na taabu ya kumwambia? Na mwenye kutaka kuhurumia na ahurumie mapema, wakati huruma na ukweli bado vyaweza kukaa pamoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie upole usio na hila. Amin.