Kumweleza Asiyeuliza

Mtu anayemweleza mwenzake kazi huwa hamalizi kueleza. Husema nusu, na nusu nyingine humwachia msikilizaji aijazie kwa yale wanayoyajua wote wawili. Akikadiria vibaya, msikilizaji atakunja uso au atauliza, "Una maana gani?", na maneno yaliyopungua yataongezwa papo hapo. Tunaelewana kwa sababu tunaweza kuulizwa. Je, tunawajibika vipi tunapomweleza mtendaji ambaye pengine hatauliza, na bado atatenda?

Kwa watengenezaji wa programu swali hili sasa ni la kila siku. Wakala wa akili mnemba ni modeli ya lugha iliyopewa uwezo wa kutenda: kutafuta faili, kutuma barua pepe, kubadilisha taarifa za wateja, kulipa. Hutenda kwa kutumia zana, yaani vipande vya programu, na kila zana hutambulishwa kwake kwa maandishi. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ya kuunganisha modeli na zana za namna hii. Ndani yake zana huwa na jina, mpangilio wa taarifa inazohitaji, na maelezo. Jina na mpangilio ni lazima. Maelezo si lazima. Mtu anaweza kuyaacha na mashine isilalamike. Kanuni ya kiufundi imeishia hapo, kilichobaki ni dhamiri ya mwandishi.

Dhamiri hiyo ina uzito kuliko tunavyodhani. Binadamu akipewa mashine yenye maelekezo mabovu bado ataigusa, ataisikia inavyonguruma, atamtazama mwenzake anavyoiendesha. Wakala kwa kawaida haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Anachokiona kabla ya kuchagua ni maneno, kwa hiyo kwake maelezo ndiyo zana yenyewe. Anayebadilisha sentensi moja ya maelezo ameibadilisha zana, hata kama hakugusa mstari mmoja wa msimbo.

Chukua zana ya kutuma pesa kwa simu. Mwandishi anaieleza hivi: "Hutuma pesa kwa namba ya simu." Sentensi ni ya kweli na haina kosa la sarufi. Sasa mwenye simu anamwambia wakala wake, "Mtumie mama elfu hamsini." Aliyelelewa Tanzania au Kenya anajua kinachofuata: unaweka na ya kutolea, ili mama akienda kutoa apate elfu hamsini kamili mkononi. Hakuna aliyetufundisha hilo darasani. Zana haisemi kama kiasi kinachoandikwa ni kile kitakachokatwa kwa mtumaji pamoja na makato, au kile kitakachoingia kwa mpokeaji. Haisemi kama namba ianze na 0 au na 255. Haisemi kama ndiyo hiyo hiyo ya kulipia dukani kwa Lipa Namba. Na kubwa kuliko yote, haisemi kwamba pesa zikishaenda kwa mtu siye, kuzirudisha ni shughuli. Wakala akikuta pengo mara nyingi hulijaza kwa jibu linaloelekea kuwa la kawaida katika maandishi aliyofunzwa nayo, na mengi ya maandishi hayo hayakuandikwa na watu wanaoijua ya kutolea.

Linganisha na haya: "Hutuma pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kiasi ni shilingi za Tanzania zitakazoingia kwa mpokeaji. Ada ya kutuma hukatwa juu yake, ada ya kutoa haimo. Mtumiaji asiposema lolote kuhusu ya kutolea, muulize. Usiitumie kulipia Lipa Namba. Zana hii haiwezi kufuta muamala: msomee mtumiaji jina la mpokeaji, upate idhini, ndipo utume." Sehemu kubwa ya maneno hayo inahusu mipaka. Nadhani huko ndiko kukijua kitu kunakoonekana. Kitu kinafanya nini, mgeni anaweza kubahatisha. Kinakoma wapi, anakujua aliyeishi nacho.

Mwanafalsafa Michael Polanyi, katika kitabu chake The Tacit Dimension cha mwaka 1966, alishikilia kwamba tunayoyajua yanazidi tunayoweza kuyasema. Kama ni hivyo, maelezo hayana mwisho: kila neno litadai jingine la kulifafanua. Mwanafalsafa mwingine, Ludwig Wittgenstein, aliuona ugumu huo. Katika kitabu chake Philosophical Investigations, kilichochapishwa mwaka 1953 baada ya kifo chake, anatoa mfano wa kibao cha njia, na jibu lake ni kwamba kibao kinatosha kikitimiza kazi yake katika hali za kawaida. Nakubaliana naye nusu. Hali za kawaida za nani? Kibao kinawatosha wapita njia kwa kuwa wameshazoea kufuata vibao. Kwa wakala hatuna hakika tunashiriki mazoea gani, kwa hiyo kipimo cha kutosha lazima kitoke kwingine. Mimi nakiweka kwenye uzito wa kosa. Zana ya kusoma hali ya hewa inaweza kuishi na mstari mmoja. Zana ya kuhamisha pesa au kufuta kumbukumbu za mgonjwa ielezwe hadi pale ambapo kukosea kunaacha kuumiza, kisha mwandishi anyamaze, kwa sababu maneno ya ziada nayo hulifukia lile sharti moja lililo muhimu.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika kazi hii nawapinga waziwazi: asiyejua ndiye hasa wa kuambiwa, tena kabla hajatenda.

Iko hoja nyingine, ya imani. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba mtu mwovu anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana, na wakala akaitii, hata kutoa faili za siri za mtumiaji wake. Iliwezekana kwa sababu wakala huyachukua maelezo kama neno la kuaminika. Mwongo na mzembe wametofautiana nia, lakini anayeumia, kwa vyovyote vile, ni mtu aliyemkabidhi wakala kazi yake na pengine hakuyaona maelezo hayo kamwe.

Nawaomba basi wanaotengeneza zana za malipo, za hospitali na za serikali katika nchi zetu: kabla ya kuandika maelezo, kaeni na watu wa huduma kwa wateja, wanaopokea simu za waliokosea namba na waliokatwa mara mbili. Wao wanajua watu hukosea wapi. Andikeni hayo kwanza, na msiyaachie usiku wa kuamkia uzinduzi.