Elimu ya Mwanachama ni Mali ya Nani?

Chama cha wafanyakazi kinapotoa fedha ili mwanachama mmoja apelekwe masomoni, yule aendaye huwa amepewa zawadi, amekopeshwa, ama amewekewa amana mkononi mwake? Swali hili laweza kuonekana dogo, maana masomo yenyewe aghalabu ni ya siku tano tu, na cheti chake hakimwongezei mtu mshahara. Walakini kila jibu katika haya matatu humfanya msomi kuwa mtu wa namna nyingine mbele ya wenzake, na nimeona mwenyewe jinsi jibu lisilofikiriwa linavyoweza kuwaacha watu wengi gizani, hali taa wanailipia wao.

Nalikuwa Sumbawanga mwezi wa Juni 2023, wakati upepo wa nyanda za juu za Ufipa unapopenya hata koti la sufu. Nalialikwa na chama kimoja, ambacho hakina haja ya kutajwa, niwaeleze viongozi wake wa matawi namna ya kusoma lugha ya mikataba. Ukumbini walikuwamo wenyeviti, makatibu na wawakilishi wa mahali pa kazi. Saa nne aliingia mama mmoja, mfagiaji wa jengo lile lile, amebeba birika la chai. Alipokwisha kumimina hakutoka. Alisimama karibu na mlango akasikiliza, kisha akasema, "Samahani, Mwalimu. Na mimi nakatwa. Haya mnayosoma humu, mimi nitayajuaje?" Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Mama, mwakilishi wako yumo humu." Naye akasema, "Mwaka jana alikuwamo mwingine, baba. Alisoma, akapata cheo, akahamia Mbeya. Hakutuambia neno."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na sijajisamehe kwa kicheko kile.

Wako wasemao kwamba masomo ni zawadi: kiongozi amejitolea, amekesha katika vikao, basi chama kimpe kiti cha semina, na posho juu yake, kuwa shukrani. Ila mtoa zawadi hutoa kilicho chake. Mfuko wa chama hujazwa na makato ya mishahara ya watu. Katika Chama cha Walimu Tanzania, kwa mfano, makato hayo yamezoeleka kuwa asilimia 2. Tuseme makato ya kadiri hiyo yatozwe katika mshahara wa shilingi 300,000: ni 6,000. Katika mshahara wa 900,000 ni 18,000. Hesabu ni ya haki katika karatasi, lakini kila ajuaye bei ya unga na mkaa ajua kwamba ile 6,000 imetoka mahali palipo karibu zaidi na chungu. Mtu akipelekwa semina kwa fedha hizo akaiita zawadi, huwashukuru wasiotoa akawasahau waliotoa.

Wengine, wakiwaogopa watu kama yule aliyehamia Mbeya, husema masomo yawe mkopo: asomeshwaye atie sahihi kwamba atabaki tawini miaka kadha wa kadha, na asipobaki alipe. Jibu hili lina nguvu, nami zamani nalilipenda. Lilinichukiza nilipokumbuka habari za Ufipa yenyewe. Siku za ukoloni nchi hii ilikuwa mojawapo ya nchi zilizochotwa vibarua kwa ajili ya mashamba ya mkonge ya mashariki. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao, iliyoitwa SILABU, ya kuwaandikisha watu wa mbali na kuwasafirisha. Kila mmoja alitiwa namba, na ndipo lilipotoka jina la manamba. Kazi yake ikahesabiwa kwa kipande cha siku 30, na mkataba asioweza kuusoma aliukubali kwa alama ya dole gumba. Chama kilichozaliwa ili kumtoa mtu katika mkataba wa namna hiyo hakiwezi kumfunga mwanachama wake kwa kamba ya elimu kikaiita haki. Mtu ana haki ya kupanda cheo, ya kuhama, hata ya kuoa Mbeya akajenga huko huko.

Tena kuhama kwa wasomi wa vyama si jambo geni, wala si la aibu siku zote. Tom Mboya wa Kenya alikwenda katika mwaka wa 1955 kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, akarudi akawa mmoja wa wakubwa wa siasa za nchi yake. Rashidi Kawawa, katibu mkuu wa kwanza wa TFL, yaani shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika lililoanzishwa 1955, alikuwa Waziri Mkuu Januari 1962. Mwaka wa 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru lilifungua chuo Kampala cha kuwafundisha viongozi wa vyama vya Afrika, na 1961 kikafunguliwa Kivukoni, Dar es Salaam, kwa mfano wa Ruskin. Ilikuwa zama ya kiu kubwa. Nchi changa zilihitaji watu waliojua kuendesha mkutano, kuweka hesabu na kujibu barua ya bwana, na vyama vilikuwa na watu hao. Nani angaliwazuia?

Lakini na tutazame yaliyofuata, maana hapa Sumbawanga yaingia katika habari hii kwa mlango ambao wenyeji wake hawakuufungua. Januari 1963, baada ya migomo katika mashamba ya mkonge, Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani na mmoja wa wakuu wa TFL, alihamishwa kwa amri ya serikali akaletwa kukaa Sumbawanga, mbali na wanachama wake. Makamu wa Rais wakati huo alikuwa Kawawa. Nchi iliyopeleka manamba mkongeni sasa ililetewa kiongozi wa wakata mkonge. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Sisemi kwamba waliopanda waliwasaliti waliobaki. Serikali changa ilikuwa na hofu zake, na baadhi ya hofu hizo zilikuwa za kweli. Nasema jambo dogo zaidi: ujuzi wa vyama ulikuwa umekaa katika vichwa vichache, na vichwa vichache huhamishika. Kimoja hupandishwa, kimoja hupelekwa mbali, na maelfu hubaki wakingoja kuambiwa chama chao sasa chaitwaje.

Ufipa ina mfano wake wa jambo hili, wa kale kuliko vyama. Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Matanuri yao ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mivukuto, mabaki yake yangali yamesimama porini mahali mahali. Ujuzi wa kuyeyusha chuma ulikuwa mikononi mwa bingwa, pamoja na dawa zake na miiko yake, naye hakuwapa ila wachache. Majembe ya ng'ambo yalipokuja, kazi ile ikafifia hata ikakoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na ujuzi ukaenda kaburini na mabingwa. Wataalamu waliotaka kuiona tena iliwapasa kuwatafuta wazee na kuwaomba kumbukumbu zao. Upande wa pili iko ntumba, yale matuta ya duara ambamo nyasi hufukiwa zioze mvua zinapokaribia kwisha, yakapandwa maharage, na mwaka wa pili yakatawanywa ardhi ipate kupandwa ulezi. Hapana bingwa wa ntumba. Kila mwenye jembe aijua, mtoto hujifunza kwa kushika mpini, na ntumba ingalipo. Sitaki kuulazimisha mfano huu: chuma hakikuuawa na siri peke yake, na ntumba nayo imesogezwa kando na jembe la ng'ombe na mbolea ya dukani. Lakini nikiulizwa elimu ya chama ifanane na kipi katika viwili hivi, sisiti.

Kwa hiyo nachagua amana. Amana si mali ya aishikaye, wala haimfanyi aishikaye kuwa mtumwa. Akiisha kuifikisha yu huru. Aliyesomeshwa siku tano ana deni, si la miaka mitano ya maisha yake, bali la jioni tano ama sita za kuketi na mfagiaji, mlinzi na dereva, akawapa kwa lugha yao yale aliyopewa. Baada ya hapo na aende Mbeya kwa heri.

Sheria yenyewe haijafika hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mwakilishi wa chama likizo yenye malipo, kwa kiasi cha kufaa, ili ahudhurie mafunzo yahusuyo uwakilishi wake. Ni jambo jema, ila yamtaja mwakilishi, haimtaji awakilishwaye. Tena iliandikwa kwa Kiingereza. Ni katika mwaka wa 2021 tu ndipo Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwalimu wa lugha hasadikiwi sana katika neno hili, kwa sababu huvutia kwake. Hata hivyo nasema kwamba kwa miaka mingi semina zetu zilikuwa kama tanuri, na Kiingereza ndiyo iliyokuwa dawa ya bingwa.

Viongozi huniambia kwamba wanachama wa kawaida hawapendi kufundishwa, ati hawaji mkutanoni pasipo soda, na huja ofisini siku ya msiba tu. Yamo ya kweli katika maneno hayo. Lakini mtu aliyefundishwa mara nyingi kwamba jambo halimhusu huishia kulisadiki.

Nirudi mlangoni alipokuwa amesimama yule mama. Kicheko kilipokwisha nilimwambia jambo moja tu kati ya yote niliyokuwa nimeyaandaa: kwamba mfanyakazi aliyeachishwa kazi pasipo haki anazo siku 30 za kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na zikipita itambidi kwanza aombe kusamehewa kuchelewa. Akarudia, "Siku thelathini," kama ajaribuye uzito wa kitu mkononi. Kisha akauliza: zahesabiwa tangu siku ya kuambiwa kwa mdomo, au tangu siku ya kupewa barua? Ukumbini walikuwamo wenyeviti wanane na daktari mmoja wa falsafa. Tulitazamana. Mwenyekiti akavuta kiti kilichokuwa wazi karibu naye, akasema, "Mama, weka birika chini. Kaa."