Hana, Eli na Mashine Inayosoma Mawazo

Andiko: 1 Samweli 1:9-18



Hana aliomba moyoni. Midomo ilicheza lakini sauti haikusikika, na kuhani Eli akaamua kwamba mama huyu amelewa. Mtumishi wa Mungu, tena hekaluni, alikosea kuusoma moyo wa mwenzake. Ilibidi Hana mwenyewe afungue kinywa amweleze.

Leo kuna watu wasioweza kufungua kinywa, na mashine imeanza kuwasaidia. Mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza habari za mama aliyepigwa na kiharusi mwaka wa 2005, akiwa na miaka 30, akapoteza usemi. Walimwekea juu ya ubongo kifaa chembamba chenye elektrodi 253. Alipojaribu kutamka kimyakimya, kompyuta ilisoma ishara za ubongo na kumsemea, kama maneno 78 kwa dakika, kwa sauti iliyotengenezwa kutokana na rekodi ya harusi yake. Mimi naiita hiyo rehema. Yesu aliwafungua mabubu ulimi. Hawezi kuchukia kazi kama hii.

Lakini kuna swali. Mwaka wa 2025 watafiti wa Stanford, wakiwa na watu wanne waliopooza, walijaribu kusoma hata maneno ambayo mtu anayasema ndani tu, bila kujaribu kuyatamka. Waliohesabu maumbo kwenye skrini kimoyomoyo, kifaa kilinasa baadhi ya namba ambazo hawakuambiwa wazitoe. Basi watafiti wakatengeneza neno la siri: mpaka mtu alifikirie, mashine haisomi. Mbona waliona lazima kuwe na kufuli? Kwa sababu kuwaza si sawa na kusema.

Kwa lugha ya biashara, akili yetu huandika cheki nyingi kila siku, lakini benki hailipi cheki isiyo na sahihi. Mtaniuliza, “Pasta, si Mathayo 5:28 inahukumu hata kilicho moyoni?” Ndiyo. Lakini soma vizuri: anayehukumiwa ni yule anayetazama kwa kutamani. Huyo ameshatia sahihi ndani, hata kama mdomo umefungwa. Aliyepitiwa na wazo chafu akalikataa hajatia sahihi. Nalisema hili kwa sababu wako ndugu na dada wanaokwepa Meza ya Bwana, eti wazo la kukufuru liliwajia katikati ya maombi. Mpendwa, wazo ulilolikataa linaonyesha kwamba ulipigana. Njoo mezani.

Mashine inaweza kunasa neno. Nani ametia sahihi na nani amekataa, Mungu peke yake anajua, kama 1 Wafalme 8:39 inavyofundisha. Kwa hivyo mwajiri, serikali, mume au mke, hata sisi wachungaji, tusitake kuchimbua mawazo ya mtu bila ridhaa yake. Hicho ni kiti cha Mungu. Nchi ya Chile ilibadilisha katiba yake mwaka wa 2021 ili kulinda shughuli za ubongo wa mwanadamu, na kwa hilo naona walifanya vyema.

Nyumbani kwetu kifaa hicho hakipo, lakini wagonjwa wapo. Tunaingia chumbani kwa mzee aliyepigwa na kiharusi, tunaanza kujadili shamba na gharama za mazishi juu ya kichwa chake, kana kwamba kutosema ni kutosikia. Hilo ni kosa la Eli.

Wiki hii, ukimtembelea mgonjwa asiyeongea, msalimie kwa jina. Muulize swali la ndiyo au la, kisha umpe muda ajibu kwa jicho ama kwa kidole. Mwombee ukijua anaomba pamoja nawe. Eli alipomsikiliza Hana, aliacha kumkemea akambariki. Nasi tufanye vivyo hivyo.