Aliyezima Redio Ana Kosa?

Kutoka Mbita hadi Sena, makao makuu ya Kisiwa cha Mfangano, abiria huvuka kwa boti ya mbao yenye injini. Usiku, wavuvi wa omena huingia ziwani na taa zao. Upepo wa Ziwa Victoria unaweza kugeuka kabla wavu haujapanda botini, na hapo tegemeo la wengi ni simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe.

Simu humwita mtu mmoja, tena awe na chaji, awe na mtandao, awe macho. Redio koli haichagui. Anayebonyeza kitufe husikika kwa kila aliye karibu aliyefungua chaneli ile ile. Basi wito usiotaja jina unamdai nani?

Swali hili lina upande wake wa ufundi, na si mdogo. Redio za CB, zilizovuma kwa madereva wa malori wa Marekani baada ya uhaba wa mafuta wa 1973, hutumia masafa ya megahezi 27 na nguvu ya wati 4. Chaneli ya 9 ni ya dharura. Antena kamili ya CB hukaribia mita 3, mzigo unaobebeka kwenye lori kuliko kwenye boti ya omena. Ziwani inafaa zaidi VHF ya vyombo vya majini, ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya kuombea msaada. Hata hivyo, mviringo wa dunia hauhongeki: boti mbili zenye antena zilizo mita 2 juu ya maji husikizana kwa kilomita 11 hivi. Antena ikipandishwa Mlima Kwitutu wa Mfangano, zaidi ya mita 500 juu ya ziwa, sauti inaweza kukaribia kilomita 100. Kenya inadai leseni kwa vifaa hivi, na inafaa iombwe mapema.

Lakini mlima hauitikii. Anayeitikia ni mtu.

Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio lililofanyika New York. Wanafunzi waliketi kila mmoja chumbani mwake wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha sauti moja ikaanza kukwama kama ya mtu anayeshikwa na kifafa. Kati ya walioamini kuwa wao peke yao wanasikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Walioamini kuwa wengine wanne wanasikia, walitoka asilimia 31 tu. Chaneli ya wazi ina hatari hiyo hiyo: kila mmoja anasikia, na kila mmoja anamwachia mwenzake.

Katika mfano wa Msamaria Mwema, kuhani na Mlawi wa njia ya Yeriko walimwona majeruhi wakapita kando. Hukumu yao ni nyepesi kutoa. Ngumu ni ya mtu ambaye hakusikia kabisa. Usiku wa Titanic, Aprili 1912, meli ya Californian ilikuwa imesimama kwenye barafu, si mbali. Mwendesha redio wake, Cyril Evans, alizima mtambo na kulala dakika chache kabla Titanic haijagonga barafu. Alikuwa peke yake kwenye kazi ile, amechoka, na hakuvunja kanuni yoyote. Meli ya Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia na kuokoa watu zaidi ya 700.

Kumtwika Evans damu ya Titanic ni dhuluma. Kosa ni la waliomwachia mtu mmoja masikio ya meli nzima. Mkataba wa usalama wa baharini wa 1914 ulikiri hivyo kwa kuagiza baadhi ya meli za abiria zisikilize saa zote, ingawa mikataba ya aina hiyo iliandikiwa meli kubwa, si boti za omena.

Fikra ya Kiislamu ina jina la wajibu wa namna hii: fardhi kifaya. Kama ilivyo kwa kumzika maiti, wachache wakitekeleza, wote wamesalimika. Wasipotokea, dhambi ni ya wote. Mfangano ni kisiwa cha Wakristo wengi, lakini hoja hii haihitaji mtu abadili dini. Anayelala redio ikiwa mikononi mwa mwenzake wa zamu hana kosa. Kijiji kizima kikilala bila zamu kina kosa, hata kama usiku ule hakuna aliyezama.

Kikundi cha wavuvi kinachochangisha fedha za redio kianze na orodha ya zamu. Jina la msikilizaji wa kila usiku libandikwe ufukweni, mahali nahodha atakapolisoma kabla ya kuwasha injini.