Uongo Usiomdhuru Mtu

Uongo usiomdhuru mtu ni kosa? Mimi swali hili limenijia kwenye kompyuta.

Riwaya yangu naiandika kwa Vim, programu ya tangu 1991 ya marehemu Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeigawa bure huku akiomba watumiaji wawachangie watoto wa Uganda. Juzi nikaweka toleo jipya. Kufungua tu sura ya saba, juu kabisa naona: 4;2m. Ala! Nikamlaumu marehemu wa watu. Ushahidi wangu? Jana ilikuwa nzima.

Usiku nikachimba. Kumbe terminali yangu, lile dirisha ambamo Vim hufunguka, miaka yote hujitambulisha kuwa ni xterm, nayo siyo! Kama kijana aliyepata kazi kwa cheti cha kaka yake: anachapa kazi, hakuna anayeuliza. Toleo jipya likaliamini jina, likatoa amri ambayo xterm halisi huielewa, ya kutofautisha vitufe kama Ctrl-I na Tab. Terminali haiijui, ikaitapika kwenye skrini.

Wengi watasema mkosaji ni aliyeleta mapya. Mimi nakataa, aliyeamini jina ana kosa gani? Lakini nilichofanya ni kuandika mistari miwili, t_TI na t_TE zikabaki tupu, Vim ikanyamaza. Lile jina nimeliacha palepale. Sura ya saba ilikuwa inaningoja, bwana.