Mahali Patupu na Mizinga ya Mbao

Kikosi kilichosimama mahali pamoja hutawala eneo kubwa kuliko ardhi kinachoikanyaga. Katika michezo ya vita ya mezani, ile ichezwayo kwa vijisanamu vya askari, jambo hili huwekwa kuwa kanuni: adui akikikaribia kikosi kwa umbali fulani, hana budi asimame au apigane. Kwa hiyo mchezaji stadi hupanga vikosi viwili mbalimbali, na pengo la katikati likawa limezibwa bila askari hata mmoja ndani yake. Hapo ndipo swali linapozuka. Utawala huo wa mahali patupu umo ndani ya kikosi, au umo kichwani mwa anayekiogopa?

Ziwa Tanganyika lina ushahidi wake. Mwezi Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune huko Lukuga, eneo la Kalemie ya leo, na tangu hapo ziwa likawa la Wajerumani. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa nchi kavu kupitia Katanga, chini ya kamanda wao Geoffrey Spicer-Simson. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig. Kesho yake ikatokea meli nyingine ya Kijerumani, Graf von Götzen, yenye urefu wa zaidi ya mita 70. Spicer-Simson akakataa kuikabili. Meli ikapita tu, na maji iliyopitia yakabaki yake.

Mwezi Juni mwaka huohuo kamanda huyo alifika mbele ya ngome ya Kijerumani ya Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, akaiona mizinga, akarudi nyuma. Askari wa Kijerumani wakatoroka kwa njia ya ziwa. Baadaye ikajulikana kuwa mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Mwanafalsafa Thomas Hobbes, katika Leviathan (1651), aliihesabu sifa ya kuwa na nguvu kuwa ni nguvu yenyewe. Bismarckburg yampa haki, ila kwa nusu. Mbao zilizuia boti kwa sababu mizinga ya kweli ipo duniani na huua. Hofu ilikopa kutoka kwa chuma. Mezani mkopo huo ni mgumu, maana kila mchezaji anajua kijisanamu cha mwenzake kinaweza nini. Reisswitz wa Prussia alilitambua hilo: katika mchezo wake wa vita wa mwaka 1824 mwamuzi huwaficha wachezaji wasiyopaswa kuyaona, na shaka ikarudi kazini.

Tena, utawala wa namna hii una mgongo wazi. Graf von Götzen haikushindwa na boti yoyote. Wabelgiji waliikaribia Kigoma kwa nchi kavu, na tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, kwa kuwa bandari ambayo meli hiyo iliitegemea ilikuwa inawaponyoka.