Je, Kutazama Nako ni Kosa?

Mara nyingi twasema, "Mimi sikugusa kitu, nilitazama tu." Twadhani neno hilo latosha kutuondolea lawama. Hebu tulipime kwa mfano wa ndege mmoja mdogo wa Australia.

Katika jimbo la Victoria iko njia ya waendao kwa miguu kandokando ya bahari, iitwayo Great Ocean Walk, yenye urefu wa kilomita zipatazo 100. Kituo kimojawapo ni Blanket Bay, mahali pa kupigia hema penye msitu nyuma na bahari mbele. Wapendao ndege hufika huko na darubini zao. Msituni huwaona kasuku wekundu wenye mashavu ya buluu. Kisha hushika njia ya pwani, wakitumaini kumwona ndege aitwaye hooded plover, mwenye kichwa cheusi na pete nyekundu kuzunguka jicho.

Ndege huyu hajengi kiota mtini. Kati ya Agosti na Machi hutaga mayai mawili au matatu juu ya mchanga mtupu, nayo hufanana na mchanga wenyewe. Wazazi huyaatamia kwa zamu, siku zipatazo 28. Mtu akikaribia, mzazi huondoka upesi ili adui asijue mayai yalipo. Basi yule mpenda ndege akiendelea kusimama pale kwa furaha, mayai yanapigwa na jua. Vifaranga nao, ambao hujitafutia chakula tangu kuanguliwa, hujificha na kukaa na njaa mpaka mtu aondoke. Hivyo twaweza kuua bila kugusa, tena kwa sababu ya kupenda.

Tutasema, "Lakini sisi tumekaa dakika chache tu." Ni kweli. Lakini nyuma yetu yuaja mwingine asemaye hayo hayo. Yai halihesabu watu, lahesabu dakika.

Je, basi tusitazame kabisa? Hapana. Asiyemjua ndege huyu hatamjali. Wapendao kutazama ndio hao hao wanaojitolea kuzungushia mayai kamba na kuweka mabango ya kuwaonya wapitao. Asiyejua ana udhuru. Bali aliyeiona kamba akaivuka, hana.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aliyekuta kiota alikatazwa kumchukua mama pamoja na makinda. Ikiwa mpaka uliwekwa hata kwa mtu anayetafuta chakula, si zaidi kwetu tunaotafuta furaha ya macho?

Basi tupite karibu na maji, kwenye mchanga uliolowa, mbwa wetu tumfunge kamba, na tutazame kwa mbali. Huenda siku hiyo tusimwone ndege, wala yeye hatajua kwamba tulimhurumia. Tukirudi nyumbani tujiulize vivyo hivyo tunapokaa saa nyingi kitandani pa mgonjwa aliyechoka: je, tumekaa kwa ajili yake, au kwa ajili yetu?